Mwaka Tuliojaribu Kumfundisha Feli Mungu

Swali liliulizwa na kijana wa chuo kikuu cha Kasapa, akiwa na paja la kuku mkononi. Tulikuwa mezani kwa Feli, kule Bel-Air, mtaa mmoja wa mji wetu, Jumapili moja ya mwaka huu, watu wa ukoo mmoja ambao kwa kawaida hatuonani mpaka kuwe na kilio au ndoa. Safari hii hapakuwa na kilio wala ndoa. Feli alikuwa ametuita tu, kwa sababu, kama mjukuu wake alivyotuandikia kwenye simu kwa niaba yake, alikuwa amechoka kutuona tumevaa nyeusi. Kijana huyo wa Kasapa, mjukuu wake mwingine, alikuwa na kazi ya shule ya kuandika, na alitaka wazee tumsaidie. “Tantine,” aliniambia, “mutu anazaliwa na imani, ao banamufunza?” Wakubwa wote tukaacha kutafuna. Feli, ambaye ni kiziwi tangu homa ya utoto mchanga, aliona nyuso zimegeuka akauliza kwa mikono kuna nini. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kijana hakuelewa kinachochekesha. Nikamwambia amalize kuku wake kwanza, maana jibu lilikuwa refu, na lilikuwa limetuchukua mwaka mzima kulitafuta, Feli akiwa ndiye kitabu chetu.

Mwaka huo ni wa wakati ule Katanga ilipojitenga na Kongo ikawa nchi. Mji ulikuwa bado ukiitwa Elisabethville, bendera mpya yenye misalaba ya shaba ilikuwa imepandishwa kwenye kila jengo la serikali, na wanajeshi wa mataifa ambayo sikuweza kuyaonyesha kwenye ramani walipita barabarani wakiwa wekundu kwa jua. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nasomea ualimu kwa masista katika shule iliyofunguliwa na kufungwa kadiri milio ya bunduki ilivyoamua. Nililala kwa mama mkubwa, Mama Georgine, katika komini ya Kenya, mtaa wa mji huohuo, kwenye chumba kimoja na magunia ya makaa. Nyumba ilikuwa na sebule yenye viti vinne vya mbao, picha ya Moyo Mtakatifu, na radio iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa kama vile nayo ingeona baridi. Mumewe, Baba Placide, alikuwa mtu wa kaskazini, kutoka upande wa Kongolo, fundi wa reli. Alikuwa na kipara kinachong'aa na heshima moja kubwa parokiani: kila Fête-Dieu, sikukuu ya Mwili wa Kristo, yeye alikuwa mmoja wa wanaume wanne wanaobeba miti ya kile kitambaa cha dhahabu juu ya padri mwenye Sakramenti. Katika lupango hilohilo, ndani ya ua mmoja na sisi, vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vya Ba Mukendi, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Kasai, Mprotestanti wa kusoma Biblia kwa kalamu nyekundu, na mkewe Mama Ngalula.

Amri ya kutotoka nje jioni ilitufungia sote ndani ya ua ule mmoja mapema, kama kuku. Chakula kiliiva kwenye mbabula moja, jiko letu la makaa, bukari, ndio ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo, mara nyingine samaki wa chumvi, na wanaume wawili wakabaki wakitazamana juu ya makaa wakiwa na saa nyingi za kujaza. Juu ya siasa hawakuthubutu kuzungumza. Ba Mukendi alikuwa Mkasai, na majirani fulani walikuwa wameacha kumsalimu. Baba Placide alikuwa Mluba wa kaskazini, ambako kulikuwa na vita, na alijua kwamba kazini kuna mtu anayesikiliza. Mungu ndiye pekee waliyeweza kumbishania kwa sauti kubwa bila mtu kuja kubisha mlango. Kwa hiyo walimbishania kila jioni, kwa furaha ya watu wanaopumua.

“Mungu iko ndani ya mutoto sawa meno,” Baba Placide alikuwa akisema. “Mutoto anazaliwa kinywa wazi, hakuna kitu, lakini meno iko mule ndani, inangojea tu.”

“Na nywele?” Ba Mukendi aliuliza. “Weye ulizaliwa nayo. Leo iko wapi?”

Mama Ngalula alicheka ndani ya kanga yake. Baba Placide alipapasa kipara kana kwamba anahakikisha.

“Imani ni sawa Kifaransa,” Ba Mukendi aliendelea. “Hakuna mutoto anatoka mu tumbo anasema bonjour. Banamufunza. Na kama banamufunza mubaya, atasema mubaya maisha yake yote. Angalia ba-Katolike.”

Mabishano hayo yangeweza kuendelea hivyo mpaka mwisho wa Katanga, bila madhara yoyote, kama Feli asingefika. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mama Georgine, mwenye umri wa miaka tisa au karibu, na alikuwa amelelewa kijijini Lukafu na nyanya yake tangu ile homa. Nyanya alipoishiwa nguvu, Feli alipandishwa juu ya lori la mahindi na kuletwa mjini, akashuka mbele ya lupango letu akiwa mweupe kwa vumbi la unga, akatutazama mmoja mmoja kwa macho yasiyoharakisha. Hakuwa na neno hata moja, lakini hakuna kitu kilichompita. Siku ya pili alikuwa anajua ni nani huficha sukari na ni mlango upi huliwa na mchwa. Majirani, ambao hawakuona hayo, walisema ni mutoto wa bule, asiyefaa kitu. Walilisema hilo wakiwa wanachota maji, mbele ya mama yake, bila ubaya, kama watu wanaotaja hali ya hewa. Mama Georgine alijitwisha ndoo yake. Alikuja nyumbani, akaweka ndoo chini, akaniambia: “Weye unajifunza katekismu kwa masista. Utafunza Feli. Anapashwa kula komunyo mwaka huu pamoja na wenzake. Siku bakimupa komunyo, hakuna mutu atamwita tena wa bule.”

Nilielewa alichokuwa anaomba. Mtoto aliyepokea komunyo ya kwanza alivaa nguo nyeupe, alipita katikati ya kanisa watu wote wakiangalia, na jina lake lilisomwa kwa sauti. Baada ya hapo alikuwa mtu katika parokia, na parokia ndiyo ilikuwa mtaa. Shida ni kwamba njia ya kufika huko ilikuwa ya mdomo. Katekista wetu, Bwana Sylvestre, mtu mwembamba mwenye fimbo ya kuonyeshea, aliuliza maswali na watoto wakajibu kwa kichwa, neno kwa neno, na asiyejibu alingoja mwaka unaofuata. Ba Mukendi, aliposikia mpango huo, alisogeza kiti karibu na moto. “Hii sasa ndio mutoto wa kutuonyesha ukweli,” alisema. “Hajasikia neno la padri, wala la pasteri, wala la nyanya yake. Kama iko na Mungu, basi alizaliwa naye. Kama hana, basi mazungumuzo imekwisha.” Mama Georgine aligonga kifuniko cha sufuria. “Mutoto wangu haiko radio,” alisema, “ya kufungua muone iko na nini ndani.”

Nilianza masomo katika msimu wa mvua, sebuleni, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kufundisha. Nilikunja mikono, nikafumba macho, nikanyoosha kidole juu. Feli alitazama kidole, akatazama dari, akatoka mbio, akarudi na ndoo akaiweka chini ya pale nilipoonyesha, maana paa letu lilikuwa linavuja. Wiki iliyofuata nilileta picha kutoka kwa masista, mzee mwenye ndevu nyeupe juu ya mawingu. Hapo uso wake uliangaza. Alinishika mkono akanivuta mpaka parokiani, akanionyesha kwa kidevu paroko wetu, Mbelgiji mzee aliyekuwa akimwagilia kabichi zake. Ndevu zake zilifika kifuani, na mtaa mzima ulimwita Père Ndevu, yaani Padri Ndevu. Feli alipiga goti palepale kwenye tope. Père alidhani ni adabu tu, akambariki kwa mkono wenye ndoo ya kumwagilia. Tangu siku hiyo kila alipomwona paroko alipiga goti, sokoni, barabarani, mbele ya duka la mikate, na mimi nikabaki na hofu kwamba nilikuwa nimemfundisha mtoto kuabudu jirani.

Kisha likaja jambo la bukari. Jioni moja tulikuwa tumekaa kuzunguka sufuria, na kabla ya kula Feli alimega kipande kidogo, akakiviringisha vizuri, akaenda akakiweka kwenye kizingiti cha mlango. Aligusa ardhi kwa vidole, akainua uso juu kidogo, akarudi kula. Alifanya hivyo kwa utulivu mkubwa kiasi kwamba hakuna aliyecheka. Jioni ya pili, vilevile. Mama Georgine aliapa kwamba mama yake kule Lukafu hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja, alikuwa mwanamke wa kanisa aliyekuwa akifukuza hata wanaocheza ngoma. Ba Mukendi aliweka sahani yake chini. Ndiye mtu pekee niliyemjua mwaka ule ambaye aliweza kubishana kwa nguvu na bado akataka kujua. “Baba Placide,” alisema taratibu, “ile kitu hakuna mutu alimufunza. Labda uko na haki.”

Huo ungekuwa ushindi mkubwa wa Baba Placide. Nilimtazama ili nione atakavyoufurahia. Alikuwa ameinamia sahani yake. “Kula, Ba Mukendi,” alisema, “bukari inapoa.”

Mtu aliyeshinda na hataki kushinda alinipa shaka, na kwa kuwa nililala karibu na mlango, niliamka mapema zaidi kuliko kawaida. Kulipopambazuka, Baba Placide alitoka na nguo zake za reli, akiwa na kiporo cha bukari mkononi. Alichuchumaa kwenye kizingiti, akaweka kipande, akagusa ardhi, akanong'ona maneno ya Kiluba ambayo ndani yake nilitambua jina la baba yake tu, aliyekufa zamani. Akainua uso, akaenda kazini. Na nyuma ya pazia la sebule, miguu miwili midogo ilikuwa imesimama kimya, ikiangalia. Nikarudi kulala. Niliona ni siri ya mtu mzima, na pia niliona kwamba ikijulikana, mwanamume wa mti wa Fête-Dieu ataonekana kichekesho.

Karibu na Pasaka, Mama Georgine alimwalika Bwana Sylvestre kula, kwa nia iliyo wazi ya kumlainisha. Alichinja jogoo. Alitandika kitambaa. Bwana Sylvestre alisali kwa kirefu, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani, maana Feli alikuwa amesimama na kipande chake anaelekea mlangoni. Aliweka, akagusa chini, akainua uso, akarudi akakaa karibu na mgeni.

“Anapatia nani?” aliuliza Bwana Sylvestre.

Baba Placide alijaza mdomo bukari.

“Mama, mulisema mutoto hajui kitu. Sasa naona anajua kitu, na ile kitu si yetu. Kwa hii, komunyo hapana.”

Mama Georgine alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Alilishika hivyohivyo, hakulitua wala hakumimina. Ndipo Baba Placide, mdomo ukiwa umejaa, akasema: “Ni miye.”

“Ni weye nini?”

Alimeza kwanza. “Mutoto anaona miye. Asubuhi, mbele ya kazi. Napatia baba yangu.”

“Weye,” alisema katekista. “Weye unabebaka muti ku Fête-Dieu.”

“Na mukono uleule,” Baba Placide alikubali.

Kutoka kwenye kona, Ba Mukendi alisikika akikohoa ndani ya kikombe. “Basi imani inafunzwa,” alisema. “Asante, katekista. Umetusaidia sana.” Mama Georgine, bila kugeuka, alimwambia anyamaze au arudishe sahani. Bwana Sylvestre alikula jogoo, kwa kuwa alikuwa ameshapikwa, lakini alipoaga alisema kwamba alikuja kwa mpagani mmoja na amekuta wawili, na kwamba hilo sasa ni la paroko.

Tulikwenda kwake kesho yake mchana, Mama Georgine mbele amemshika Feli mkono, Bwana Sylvestre kando yao, Baba Placide nyuma yao akiwa amevaa kofia aliyoivua na kuivaa njia nzima. Chumba cha Père Ndevu kilinukia tumbaku na mafuta ya taa. Alizungumza Kiswahili cha vitabu, safi kuliko chetu, polepole. Alisikiliza habari ya bukari mpaka mwisho, kisha akamuuliza Baba Placide huwa anamwambia nini baba yake.

“Namuuliza habari ya bandugu, mon père. Treni ya kule haifiki tena. Barua haifiki. Ku radio kila mutu anasema yake. Nikafikiri, labda yeye anajua.”

Père alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. “Na anakujibu?”

“Hapana.”

“Basi hata mimi wakubwa wangu hawanijibu,” alisema Père. “Hicho kipande, Placide, kuanzia leo mpe mtu mwenye njaa, kwa jina la baba yako. Atakipata vilevile. Na Mungu pia mwulize, kwa zamu.” Hakusema neno juu ya kumnyang'anya mti wa Fête-Dieu, na Baba Placide akavaa kofia yake mara ya mwisho. Bwana Sylvestre hakuridhika. Alisema bukari ni jambo dogo, kubwa ni kwamba mtoto anadhani Mungu ni paroko mwenyewe, kwa sababu ya ndevu, na mtaa mzima unamwona akimpigia goti mbele ya duka la mikate. Père alishika ndevu zake. “Hilo,” alisema, “ni zito kweli.” Sheria ilitaka mtoto atofautishe mkate wa mezani na ule wa altareni. Kama kwake Mungu alikuwa mzee wa kabichi, hakuna wa kumpa komunyo, na nguo nyeupe ambayo Mama Georgine alikuwa ameshaikata ingebaki kwenye sanduku.

Père alifikiri, kisha akatuambia tuingie kanisani sote, tupite mbele ya tabernakulo, kile kisanduku cha Sakramenti, mahali ambapo kila mtu hupiga goti, na kwamba siku hiyo mtu yeyote asilipige. “Yeye hutazama na kuiga,” alisema. “Tumnyime kitu cha kuiga, tuone kinachobaki.” Tukaingia. Kanisa lilikuwa tupu, taa ndogo nyekundu inawaka kando ya altare. Père alitangulia, akapita wima kama mlingoti. Mama Georgine alipita akiwa ameuma mdomo. Mimi nilipita. Bwana Sylvestre, alipofika pale, goti lake lilianza kushuka lenyewe, akalazimika kushika benchi kwa mikono miwili, na Baba Placide akamshika kiuno asianguke, wote wawili wakitetemeka kama watu wanaovuka mto. Feli alikuwa wa mwisho. Alisimama. Alitazama taa, akatazama wanaume wale wawili wanaoshikana, akanitazama mimi kwa namna iliyonifanya nitake kujificha. Kisha akatupita sote, akamfikia Père Ndevu, akamshika kamba ya kiunoni, akamwonyesha tabernakulo kwa kidevu, na akaivuta kamba chini kwa uzito wake wote.

Père alishuka. Magoti yake yalilia kanisani kama mlango wa zamani. Feli alihakikisha ameshuka sawasawa, ndipo naye akapiga goti pembeni yake, akiwa ametazama mbele, si kwake.

Kuinuka kulikuwa kazi nyingine, ilitubidi watatu. Père alikuwa anacheka na machozi yanaingia ndani ya ndevu. “Mwandike, Sylvestre,” alisema.

“Lakini mon père, hajajibu swali hata moja.”

“Nilikuwa na moja tu, kama anajua kwamba mimi siye. Amejibu. Magoti yangu yamesikia.”

Siku ya komunyo, jina la Feli lilisomwa kama majina mengine, na kwa kuwa hakulisikia, mama yake alimgusa bega, akatoka mstarini na kwenda. Baada ya misa Mama Georgine hakuchukua njia ya nyumbani. Alimshika mkono mtoto aliyevaa nguo nyeupe ile, akaizunguka Kenya yote, malupango yote, taratibu, akisalimu watu kwa majina, hasa wale wa kisimani, mpaka chakula kikachelewa. Tulikula uani pamoja na Bwana Sylvestre, kuku na sombe na wali, na Ba Mukendi alikuwa amevaa koti. Miezi michache baadaye yeye na Mama Ngalula walilazimika kuhamia kambi ya wakimbizi pamoja na Wakasai wengine, kisha wakarudishwa kwao, na kutoka huko msafiri mmoja alimletea Feli kitambaa cha maua ambacho alikivaa mpaka kikapauka. Lakini mchana ule Ba Mukendi alikuwa bado wetu, na alikuwa na njaa ya kubishana.

“Amefunzwa,” alisema. “Kila dimanche ku misa anaona bantu banapiga goti mbele ya ile taa. Angeona bananusa viatu, naye angenusa viatu.”

Baba Placide alikuwa amejiandaa. Nadhani alikuwa amejiandaa tangu kanisani. “Kupiga goti, aliona,” alisema. “Ile nakupatia. Lakini kushika padri, kumuvuta kamba, kumuonyesha kazi yake, ile aliona wapi? Niambie jina. Nani katika hii Kenya yote alishamufunza mutu kusahihisha padri?”

Ba Mukendi alitafuta jina. Akatazama mkewe, akanitazama mimi, akamtazama Bwana Sylvestre, ambaye alijishughulisha na mfupa. Alikuwa mtu wa haki.

“Hakuna,” alisema mwishoni. “Bon. Ile alizaliwa nayo.”

“Ile ilitoka kwangu,” alisema Mama Georgine, akamwongeza Feli sombe.